Kabla Hujafunga Begi la Pwani

Wikendi ndefu inakuja na najua vile kunaendelea huko kwa magrupu. Kuna mwenye amelipia nyumba, kuna mwenye bado anasema "nitatuma kesho", na kuna wewe uliyesimama mbele ya kabati ukijiuliza utavaa nini. Kaa hapo kidogo nikupe stori.

Mwaka jana, wikendi ya Mashujaa, nilishuka treni ya SGR pale Miritini nikiwa nimevaa jinzi nyeusi ya kubana, buti, na blauzi ya poliesta ya mikono mirefu. Hiyo luku niliikopi kwa mtu ninayemfuata mtandaoni, na huyo mtu anaishi nchi ya baridi. Picha zilitoka fiti. Mimi ndiye sikutoka fiti. Kufikia saa saba mchana mapaja yanawasha, mgongo umelowa, na bahari hata hatujaiona.

Tukiwa Biashara Street tunatafuta maji baridi, mama mmoja muuza leso akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hiyo nguo umeivaa ama imekuvaa?"

Marafiki zangu walicheka hadi wakashika ukuta. Nikanunua leso kwa aibu, nikajifunga palepale juu ya jinzi. Jioni nikiwa kwa chumba ndio nikasoma maandishi yake: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Manze, nilinyamaza. Huo ndio mwaka nilikuwa nimeacha chuo. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani, na tangu hapo kila nguo niliyovaa ilikuwa ya kuonyesha watu kwamba sijafeli. Sasa kitambaa kinanisoma.

Digrii sina, lakini kusoma sijaacha. Niliporudi Nairobi nikaanza kuchimba hii leso ilitoka wapi.

Turudi miaka ya 1830. Meli za Wamarekani, nyingi zikitoka bandari ya Salem kule Massachusetts, zilikuwa zinafika Zanzibar kununua pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka wa 1833 Marekani na Sultani Said wakatia saini mkataba wa biashara. Kitu kikubwa Wamarekani walileta kilikuwa kitambaa cha pamba, kigumu, kisicho na rangi. Watu wakakiita merikani, na jina likabaki.

Sasa sikiza. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilikuwa inalimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Ikishavuka bahari, hiyo merikani ndiyo ilikuwa nguo ya watumwa na maskini wa Zanzibar na Pwani yetu. Mtu mweusi asiye huru analima, mtu mweusi asiye huru anavaa, na katikati kuna matajiri wa mabara mawili. Wengine walivaa kaniki, merikani iliyotiwa rangi ya buluu nzito. Zanzibar, mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa kama waungwana. Ukimwona mtu barabarani, nguo yake inakuambia ni wa nani.

Halafu wanawake wakaanza mambo yao. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, madukani kulikuwa na vitambaa vya mkononi vya rangi rangi, ambavyo Wareno waliviita lenço. Ndiyo leso hiyo. Vilikuja vikiwa havijakatwa, kwa jora. Wanawake wa mjini wakanunua vipande sita, wakashona vitatu juu na vitatu chini, wakapata shuka moja la maana. Hakuna kampuni iliyowatuma wala mbunifu wa Paris. Wafanyabiashara walipoona pesa iko hapo, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapishwa tayari. Jina lile lingine, kanga, inasemekana lilitokana na madoadoa yaliyofanana na ya yule ndege. Mwaka wa 1887 duka la Abdulla likaanzishwa hapa Mombasa, na hadi leo leso zake zinatambulika kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Maneno yakaongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi tunazosoma sasa.

Utumwa ukaondolewa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, na Pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Wanawake waliotoka utumwani walifanya nini na pesa ya kwanza waliyoipata? Wengi waliitupa merikani na kaniki, wakanunua kanga. Moja kiunoni, moja kichwani. Kile kichwa walichokatazwa kukifunika sasa kimefunikwa kwa rangi nyekundu, na kuna sikukuu ya kwenda kujionyesha. Hiyo luku haikuwa mchezo. Ilikuwa njia ya kusema mimi si mali ya mtu.

Ndiyo maana nakereka tukiita leso "kitu cha kufunika baikini".

Serikali yenyewe ilijaribu kutupatia vazi. Mwaka wa 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa, na wabunifu walifanya kazi. Mara ya mwisho umemwona nani kitaa amelivaa? Leso haikuwahi kuzinduliwa na mtu na iko kila nyumba. Shosho yangu hajawahi kuona bahari na ana nne, za kubeba watoto na za matanga.

Na usidhani hii vita iliisha. Miaka michache baada ya hapo, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Yaani ile shuka ya mistari wazee wa Pwani wamejifunga tangu zamani, jina lake liwe mali ya mtu Uingereza. Wakenya wakapinga, wakisaidiwa na marafiki hukohuko Uingereza, na mwaka wa 2008 hilo ombi likaisha.

Sasa turudi kwa begi lako. Beba pamba. Jasho likitoka pamba inalinyonya. Poliesta inakuachia ulibebe mwenyewe. Dera kwa mchana, kwa sababu hewa inapita na hakuna kitu kinabana baada ya biriani. Mabro, kikoi na shati jepesi vinatosha, wacheni jinzi Nairobi. Champali, si buti. Na leso, ikiwezekana doti nzima, zile mbili. Utaitandika mchangani, utajifunga kiunoni, na ukipita Mji wa Kale au Lamu utajitanda mabegani, kwa sababu pale ni nyumbani kwa watu.

Lakini kabla hujalipa, isome. Muulize muuzaji maana ukiona hujaelewa, watakufunza bure na watakucheka kidogo.

Ile yangu bado ninayo. Rangi imeanza kuisha kwa kufuliwa. Wikendi hii nashuka Miritini nikiwa nimejifunga hiyo, na picha zikitoka mbaya, sawa tu.