Vinyago vya Kaburini

Hebu jiulize: kama ungeruhusiwa kumpa marehemu wako zawadi ya kaburini, ungempa nini?

Wagiriki wa kale waliwapa vinyago vya udongo. Mfinyanzi alikandamiza udongo kwenye kalibu, akauchoma, kisha akapaka rangi. Vinavyojulikana zaidi ni vya mji wa Tanagra, vya karne ya 4 na ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Vingi ni vya shubiri moja hivi: wanawake waliojitanda nguo ndefu, wengine hadi kichwani. Usidhani vyote vilikuwa sanamu za miungu, la! Vingi ni watu wa kawaida tu. Na vingine viliwekwa kwenye makaburi ya watoto. Uchungu wa mzazi ni ule ule, zama zozote.

Lakini je, viliwafaa? Katika miaka ya 1870 watu waliyafukua makaburi ya Tanagra, wakatoa maelfu ya vinyago na kuviuza Ulaya. Bei ilipopanda, walaghai nao wakaanza kufinyanga vya bandia! Leo baadhi viko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Mwenye kaburi kaachwa mikono mitupu.

Sisi twazikwa na sanda tu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kinachoendelea kumfaa maiti: sadaka yenye kudumu, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea dua. Haya hayafukuliwi na mwizi.

Basi ndugu yangu, leo kabla hujafuturu, inua mikono umuombee mzazi wako aliyetangulia. Zawadi hiyo itamfika, inshallah.