Kaka wa Kituo cha Mafuta

Wanahekalu na majirani zetu wa Utemini,

Katika maadhimisho haya imetupasa kumkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuongoza kamati yoyote ya hekalu, wala jina lake halikuchongwa ukutani. Alikuwa na kituo cha mafuta kando ya barabara: pampu mbili, kibaraza cha saruji na benchi la wasafiri. Hakupenda kutajwa, nasi hatutamtaja. Watu wote walimwita Kaka. Kwa Kigujarati, kaka ni baba mdogo. Kwa Kiswahili, ni ndugu wa kiume. Sisi tulimwita kwa maana ya kwanza, majirani zetu Wanyaturu kwa maana ya pili, naye aliitikia zote mbili bila kubagua.

Kabla ya pampu kuenea, petroli ilifika bara katika madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Liligeuka kipimo cha mahindi sokoni, au ndoo ya kisimani, au likakunjuliwa likawa bati la paa. Maneno haya mawili, debe na gari, yalivuka bahari kutoka Bara Hindi, na leo hakuna Mswahili anayeyaona mageni. Kaka alipenda kuwakumbusha jambo hilo wale waliomwuliza kwao ni wapi.

Singida ni njia panda. Magari ya Dodoma hupitia Manyoni. Ya Arusha hupitia Katesh, chini ya Mlima Hanang, na Babati. Yaendayo Nzega na Mwanza hukabili kwanza mlima wa Sekenke. Enzi za barabara ya vumbi, dereva asiyejaza tangi alijitafutia balaa. Kwa hiyo madereva na utingo walilala kwenye kibaraza cha Kaka, wakanywa chai yake, na asiye na fedha akaandikwa daftarini.

Kisha nyakati zikabadilika. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kilifunguliwa Kigamboni mwaka 1966. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo. Wengi wa jamaa zetu walifunga masanduku wakaondoka nchini. Kaka alibaki. Bei ya mafuta ya dunia ilipopanda kuanzia mwaka 1973, Serikali ilipiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika, na pampu zikakauka kwa siku nyingi mfululizo.

Hapo ndipo tulipomfahamu Kaka kwa kweli. Kila shehena ilipofika, alitenga pipa moja, akalitia alama ya chokaa, akatangaza kwamba hilo ni la wagonjwa na wazazi. Hakuliuza kwa bei ya magendo, ijapokuwa waliokuja usiku na mabunda ya noti hawakuwa wachache.

Na hapa hatuna budi kukiri jambo. Mmoja wa wazee wetu alikwama na lori lililojaa alizeti, akamwendea Kaka akiwa na hakika kwamba Mhindu hatamnyima Mhindu mwenzake. Alinyimwa. Wiki ile ile pipa lilifunguliwa kwa ajili ya mwanamke wa kijijini aliyeshikwa na uchungu, ambaye mumewe hakuwa na hata senti. Sisi tulimlaumu Kaka. Tulisema anawapendelea wageni kuliko damu yake. Diwali mbili zilipita mzee yule asimsalimie, nasi tukanyamaza. Kaka aliendelea kuja hekaluni, akakaa nyuma, karibu na viatu.

Desturi yetu wakati wa Diwali ni kubariki madaftari mapya ya hesabu. Wengine huhamisha madeni yote kutoka daftari kuukuu. Kaka hakuyahamisha ya waliofariki, wala ya wale ambao mvua iliwanyima mavuno. Alisema deni la marehemu ni mzigo wa mwenye duka, si wa yatima.

Leo bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na vituo vyenye taa nyingi vimejaa barabarani. Kituo cha Kaka hakipo, na watoto wake wako ng'ambo. Kilichobaki ni madaftari machache katika kabati la hekalu. Majina mengi ndani yake ni ya Kinyaturu, yameandikwa kwa herufi za Kigujarati. Vijana wetu hawazisomi herufi hizo. Wajukuu wa walioandikwa hawajui kwamba wamo.

Tunawaomba wazee wachache wanaoweza kuyasoma waje wayasome kwa sauti, na majirani waje wasikilize, tuyaandike upya kwa Kiswahili kabla macho hayajafumba. Hatukusudii kumdai mtu. Sisi ndio tunaodaiwa: tulimlaumu mtu mwema alipokuwa na haki, na hatukuwahi kumwomba radhi akiwa hai. Tunaiomba leo, mbele yenu majirani aliotufundisha kuwaita ndugu.