Kipande Kilichohama

Mjomba wangu alifariki mwaka 1994 kwa saratani ya damu, ile ya polepole, iliyomvimbisha bandama hata shati likawa halifungiki. Matangani ilisemwa kwamba ni husuda. Wengine wakasema ni damu ya ukoo. Hilo la pili lilituumiza zaidi, maana binti yake alikuwa amekwisha kuposwa, na posa ikavunjika. Nilikaa kimya, sikuwa na la kujibu. Jibu lilikuwapo, ila halijanifikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Peter Nowell, daktari wa Philadelphia, Marekani, alisuuza vioo vyenye chembe za damu kwa maji ya bomba. Chembe zikavimba, kromosomu zilizomo zikatawanyika, zikaonekana vizuri kwa hadubini. Yeye hakuwa mjuzi wa vitu hivyo, akamtafuta David Hungerford, ambaye bado alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1960 wakatangaza kwamba wagonjwa wa saratani hii wana kromosomu moja fupi mno. Ilidhaniwa kipande kimepotea.

Hakikupotea. Janet Rowley, daktari wa Chicago na mama wa watoto wanne, alichukua picha za kromosomu nyumbani, akazikata kwa mkasi juu ya meza ya chakula na kuzipanga. Wanawe walimtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi. (Mimi ningekwisha kuviweka vipande kabatini kwa haya.) Kwa dawa mpya ya rangi iliyoonyesha mistari ya kila kromosomu, akaona kipande cha namba 22 kimekaa kwenye namba 9. Alitangaza mwaka 1973. Wengi walishikilia kwamba fujo hiyo ni matokeo ya saratani, si chanzo chake.

Katika miaka ya 1980 ikajulikana kuwa namba 9 nayo ilikuwa imetoa kipande. Pale penye kiungo, jeni mbili, BCR na ABL, zimekuwa moja, nayo huiamuru chembe izaane bila kupumzika. Wala hairithiwi, msomaji: hutokea ndani ya chembe moja ya uboho wa mtu aliyekwisha zaliwa.

Vidonge vya imatinibu, vinavyozuia amri hiyo, viliidhinishwa Marekani Mei 2001. Mjomba alikuwa na miaka saba kaburini.

Binti yake, aliyekuja kuolewa kwingine, nilimweleza haya mwaka jana. Akaniomba nimchoree. Nilichora vijiti viwili nyuma ya bahasha, kirefu na kifupi, nikabadilisha ncha zao. Aliikunja bahasha ile, akaitia mkobani.