Kahawa, Hashishi na Miraa: Je, Nuru ya Moyo Ina Njia ya Mkato?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.) aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, kila Ramadhan ikiingia kuna swali ambalo huzuka barazani baada ya tarawehe. Vijana wameketi, dele la kahawa liko juu ya makaa, na pembeni mwenzao ana kifurushi chake cha miraa. Akiulizwa, jawabu analo tayari: "Hii yanisaidia kukesha. Nikishika handasi nasoma Qur'ani mpaka daku. Kwani nyinyi si mwanywa kahawa? Tofauti iko wapi?" Wengine hucheka, wengine hukasirika, lakini ni wachache wanaomjibu. Na ukweli ni kwamba swali lake si la upuuzi. Wanazuoni wetu waliulizwa mfano wake miaka mingi sana iliyopita, na walikaa wakalifikiria. Hebu turudi nyuma tuone historia inasemaje.

KAMBA YA BI ZAYNAB

Tuanze Madina. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bi Zaynab, akichoka kusimama katika swala hujishikilia hapo. Mtume akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa mchangamfu, na akichoka akae.

Tazama jambo hili vizuri. Kamba haileweshi wala haina dhambi, na nia ya Bi Zaynab ilikuwa safi. Hata hivyo Mtume hakupenda mwili ulazimishwe kwa kamba. Isitoshe, aya ya 43 ya Suratun Nisaa ilipowakataza waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa, ilitoa na sababu: mwenye kuswali ajue anachokisema. Basi hapo tumepata mizani. Ibada inahitaji akili iliyo macho, na mwili una haki yake.

HASHISHI NA AHADI YA UONGO

Karne nyingi baadaye, katika nchi za Khurasan, Iraq, Sham na Misri, yalitokea makundi ya mafakiri waliotumia hashishi, yaani bangi. Wanahistoria, akiwemo al-Maqrizi wa Misri, wamesimulia kisa cha Sheikh Haydar wa Khurasan, aliyefariki mwaka 618 Hijria (1221 Miladia). Inasemwa aliishi mlimani kwa kujinyima, na siku moja ya joto kali akaona mti mdogo ukitikisika ilhali hakuna upepo. Akala majani yake, akarudi kwa wafuasi wake amechangamka kuliko kawaida. Wengine wakakanusha kabisa kwamba Sheikh mwenyewe aliwahi kuyala, wakasema amesingiziwa. Allah ndiye ajuaye.

Lililo wazi ni kwamba walioitumia walidai inafungua siri, inaondoa hamu ya dunia na kumkurubisha mtu kwa Mola wake. Wanazuoni hawakulinyamazia dai hilo. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliitolea fatwa kali ya uharamu. Al-Zarkashi wa Cairo, aliyefariki mwaka 1392, akaiandikia kitabu kizima. Imam al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki yeye alitofautisha baina ya kitu kinacholevya na kitu kinachoharibu akili, na hashishi akaiweka katika fungu la pili. Kwa hiyo walihitilafiana katika kuieleza, lakini hawakukubali kwamba giza la akili laweza kuwa nuru ya moyo.

KAHAWA YAFIKA MAKKA

Sasa tuje kwenye kikombe chetu. Katika karne ya 15, masufi wa Yemen walianza kunywa kahawa ili waweze kukesha katika dhikri. Mwanachuoni Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu cha kuitetea kahawa mnamo mwaka 1558, anataja habari za Muhammad al-Dhabhani wa Aden, aliyefariki yapata mwaka 1470. Huyu alisafiri upande wa pili wa bahari, pwani za Uhabeshi, akawaona watu wanaitumia. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, akaona inaondoa uchovu na uzito wa mwili. Wengine humtaja Ali bin Umar al-Shadhili wa Mocha, na wengine Abu Bakr al-Aidarus, walii mashuhuri wa Aden. Jina la Aidarusi si geni kwetu, kwani masharifu wa ukoo huo walifika mpaka Pate na Lamu.

Mwanzoni mwa karne ya 16 masufi wa Kiyemeni walikuwa wakiinywa Cairo, karibu na Al-Azhar, usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilikuwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akichota kwa kata ndogo na kuwapa mmoja mmoja kuanzia kulia, huku dhikri ikiendelea.

Lakini mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1511 (917 Hijria), Khair Beg, muhtasib wa Makka chini ya dola ya Mamluki, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa. Akaitisha mkutano wa wanazuoni, akaleta na matabibu wawili wakashuhudia kwamba ina madhara. Kahawa ikapigwa marufuku, ikachomwa moto, na wauzaji wakaadhibiwa. Hata jina lake liliipa shida, kwa sababu neno qahwa katika Kiarabu cha zamani lilikuwa pia jina la mvinyo!

Habari zilipofika Cairo, Sultan Qansuh al-Ghawri hakuiharamisha kahawa yenyewe. Alichokataza ni mikusanyiko yenye munkar. Mwaka uliofuata Khair Beg akaondolewa kazini, na watu wakanywa hadharani. Hatimaye wanazuoni wengi wakaipitisha kwa hoja nyepesi: anayeinywa akili yake inabaki palepale. Anajua anachosema, anahesabu rakaa zake, anamtambua mkewe na jirani yake.

NA MIRAA JE?

Katika karne hiyohiyo wanazuoni wa Yemen walivutana kuhusu qat, ambayo ndiyo miraa yetu. Kila upande ulisema lake, mpaka suala likapelekwa Makka kwa Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 974 Hijria (yapata 1566). Naye aliandika risala. Alikuta maelezo ya walaji yanapingana: huyu asema inampa nguvu za ibada, yule asema imemharibia mwili. Hakukata moja kwa moja kwamba ni haramu, lakini alihimiza sana watu waiepuke kwa sababu ya shubha iliyomo.

Mjadala haujaisha. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Hapa kwetu, mwezi Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitoa amri dhidi ya muguka, wakulima wakalalamika, na suala likafika mahakamani. Serikali na mahakama zina kazi yao. Lakini wewe kijana una mahakama yako kifuani, na huko hakuna wakili.

Jiulize: mimi ndiye ninayeitumia, au yenyewe ndiyo inayonitumia? Mwenzetu wa barazani anasema anakesha na Qur'ani. Sawa. Lakini baada ya daku handasi inashuka, analala fofofo, alfajiri inampita, adhuhuri anaamka macho mekundu, hasemi na mtu mpaka magharibi. Mama amepika futari kwa pesa alizokopa dukani, na kumbe pesa za kutosha unga na tende zimeishia kwenye kifurushi. Je, huo ndio ukuaji wa kiroho? Dawa ya miraa, iitwayo kathinoni, inafanana kwa umbo na amfetamini. Inachangamsha, inaua njaa na usingizi, kisha inadai deni lake.

Na sisi wa kahawa tusijigambe. Sayansi ya leo imeonyesha kwamba kahawa haiongezi nguvu mwilini, ila inazuia ubongo usipokee ishara ya uchovu. Kile kichwa kinachogonga siku ya kwanza ya Ramadhan wengi twakijua. Saumu imetufichulia nani bwana na nani mtumwa.

ALIYEPATA BILA CHOCHOTE

Mwaka 1095, Imam al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, elimu anayo, jina analo. Moyo wake ukaingia mashaka, ulimi ukashindwa kusomesha, chakula hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa uko moyoni. Akaacha cheo, akaenda Damascus, akawa akijifungia katika mnara wa msikiti mchana kutwa. Hakutafuta jani wala kinywaji. Katika kitabu chake al-Munqidh anaeleza kwamba kujua maana ya ulevi ni kitu kimoja na kulewa ni kingine, na vivyo hivyo kuijua afya si sawa na kuwa na afya. Alichokitaka ni afya yenyewe, na aliipata kwa njia ndefu ya khalwa, dhikri na kuisafisha nafsi.

Huyohuyo ndiye aliyeeleza daraja tatu za saumu katika Ihyaa: ya tumbo, ya viungo vyote, na ya moyo. Kijana mwenzangu, zingatia kwamba kila daraja ni ya kuacha kitu. Hakuna hata moja inayopatikana kwa kutia kitu kinywani.

Kwa hiyo ukimwona yule ndugu yetu barazani, usimcheke wala usimtenge. Mpe kikombe, mwambie swali lake ni zuri, kisha mwombe ajaribu kumi hili moja tu bila kifurushi. Usingizi ukimzidi, alale, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kusinzia katika swala alale kwanza. Rakaa mbili akiwa macho na akili yake timamu ni bora kuliko kukesha na kitu ambacho kesho kitamnyima alfajiri. Nanyi wazazi, msingoje mpaka Idi ndipo mzungumze na watoto wenu.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu, zihifadhi akili zetu, na uikubali saumu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.