Fomula Hailipi Viwanda: Idara ya Uchumi ya Jimbo na Madaraka Yake Halisi Nchini Afrika Kusini

Kila msimu wa bajeti, mawaziri wa uchumi wa majimbo tisa ya Afrika Kusini husimama katika mabunge ya majimbo yao na kutaja mitaji waliyoivuta na ajira zilizopatikana. Wapinzani huwajibu kwa kipimo kilekile: vijana bado hawana kazi, kwa hiyo idara imeshindwa. Pande hizi mbili hazielewani kwa lolote isipokuwa dhana moja ambayo hakuna anayejisumbua kuithibitisha, kwamba idara ya maendeleo ya uchumi ya jimbo inaweza kukuza uchumi. Makala haya yanadai kuwa haiwezi, angalau kwa zana ilizopewa. Kilichobaki mikononi mwake ni kazi isiyopigiwa makofi majukwaani, na hiyo ndiyo inayostahili kupimwa.

Kwamba serikali iliyo karibu na wananchi huelewa mahitaji yao kuliko ile ya mbali ni hoja ya Wallace Oates tangu 1972, na haina mpinzani hapa. Ubishi uko kwingine. Mwaka 1995 Gabriella Montinola, Yingyi Qian na Barry Weingast walieleza ukuaji wa China kwa kuangalia ushindani wa serikali za ngazi za chini: kila moja ilikimbilia viwanda kwa sababu sehemu ya mapato ya viwanda hivyo ilibaki kwake. Wengi waliowanukuu baadaye waliuchukua ushindani wakaliacha sharti. Matokeo yake ni ushauri mwepesi unaotolewa kwa nchi nyingi za Afrika: anzisheni idara, anzisheni wakala wa uwekezaji, kisha majimbo yashindane. Kushindania nini, na kwa faida ya hazina ipi, hawasemi.

Afrika Kusini ni mahali pazuri pa kuujaribu ushauri huo, kwa kuwa fedha zake zinagawanywa kwa fomula iliyo wazi. Katiba ya 1996 inayakataza majimbo kutoza kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya majengo na ushuru wa forodha. Mapato yao wenyewe ni asilimia chache tu ya bajeti, mengi yakitokana na leseni za magari, yakifuatwa na kodi za kasino. Sehemu kubwa ya yaliyobaki hutoka Hazina ya Taifa kama mgao wa haki. Katika fomula ya mgao huo elimu ina uzito wa asilimia 48, afya 27, mgao wa msingi unaofuata idadi ya watu 16, gharama za kuendesha taasisi 5, umaskini 3. Shughuli za kiuchumi za jimbo zina uzito wa asilimia 1.

Asilimia moja! Waziri wa uchumi wa jimbo anaweza kukesha miaka mitano akihangaikia wawekezaji na pato la jimbo likapanda kweli, lakini fomula isione tofauti ya maana. Watoto wakiongezeka shuleni, itaona mara moja. Fomula inalipa wanafunzi na wagonjwa, viwanda haivilipi.

Silverton, pembezoni mwa Pretoria, inaonyesha jambo hili kwa vitendo. Februari 2021 kampuni ya Ford ilitangaza kuwekeza zaidi ya dola bilioni 1 nchini humo, na kuongeza uwezo wa kiwanda chake cha Silverton kutoka magari 168,000 hadi 200,000 kwa mwaka. Kando yake liko Eneo Maalumu la Kiuchumi la Magari la Tshwane, lililoanzishwa kwa ushirikiano wa wizara ya biashara ya taifa, Jimbo la Gauteng na Jiji la Tshwane. Kodi ya faida ya kampuni huenda serikali kuu. Kodi ya mishahara nayo huenda huko huko. Kodi ya majengo huingia katika mfuko wa jiji. Reli na bandari ni za Transnet, shirika la serikali kuu. Hazina ya jimbo huambulia ada za leseni za magari ya wafanyakazi, kisha watoto wao wakijiandikisha shule, jimbo ndilo linalotafuta madarasa na walimu.

Je, idara ya Gauteng haikufanya kitu Silverton? Ilifanya, na lililofanyika lina thamani kubwa kuliko sifa za kwenye hotuba. Ilikaa katikati ya wizara na jiji, ikitumia wakala wake wa maendeleo kushughulikia ardhi, miundombinu na wasambazaji wa vipuri. Hiyo ni kazi ya mratibu. Kuiita kazi ya kuzalisha ajira ni kuipa idara sifa isiyo yake leo, na lawama isiyo yake kesho Ford ikibadilisha mipango huko Marekani.

Mamlaka ambayo hakuna anayeweza kuipora idara yapo mahali pasipotarajiwa: kwenye chupa. Rais Nelson Mandela alikataa kuusaini muswada wa vileo uliopitishwa na Bunge, akaupeleka Mahakama ya Katiba, na Western Cape ikaupinga huko. Novemba 1999, katika hukumu iliyoandikwa na Edwin Cameron, mahakama iliamua kwamba serikali kuu inaweza kusimamia utengenezaji na uuzaji wa jumla, lakini leseni za rejareja ni za majimbo. Wasomi wa katiba wameichambua hukumu hiyo wanavyopenda. Wasomi wa uchumi wameipita kando. Hata hivyo, kwa mama mwenye kilabu cha pombe Soweto, afisa wa leseni ndiye serikali ya jimbo. Uamuzi wake unaamua kama biashara hiyo itakopesheka benki au itaendelea kukimbizana na polisi.

Wapo watakaotaja Gautrain, treni ya kasi iliyoanza kama mradi wa kiuchumi wa Gauteng mwaka 2000 na kubeba abiria Juni 2010. Mfano ni mzuri, ila unaegemea upande wa makala haya. Serikali kuu ilibeba sehemu kubwa ya gharama, na mwaka 2006 mradi ulitungiwa sheria na kupewa wakala wake, ukawa mikononi mwa sekta ya uchukuzi. Dube TradePort ya KwaZulu-Natal ni hoja ngumu zaidi, kwa sababu jimbo linamiliki eneo la mizigo na viwanda kando ya Uwanja wa Ndege wa King Shaka. Lakini uwanja wenyewe ni wa kampuni ya taifa ya viwanja vya ndege.

Wasomaji wa Kenya watauona mpangilio huu kwao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti leseni za vileo, michezo ya kamari, masoko na leseni za biashara. Tofauti ni kwamba kaunti zinaruhusiwa kutoza kodi ya ardhi na majengo, kwa hiyo kiwanda kikijengwa Machakos kuna kitu kinachoweza kuingia mfuko wa kaunti. Kwa hesabu hiyo, idara ya biashara ya kaunti ina sababu ya kuhangaika ambayo mwenzake wa Gauteng hana.

Dawa iliyo karibu ni kupandisha ile asilimia 1. Gauteng, inayozalisha takribani theluthi moja ya pato la taifa, ingeshangilia. Eastern Cape na Limpopo zingelipia shangwe hiyo kwa zahanati na shule zao, na hilo halitetewi hapa. Katiba inaruhusu pia nyongeza ya kiwango kimoja juu ya baadhi ya kodi za taifa, na sheria ya 2001 imeweka utaratibu wake. Western Cape iliwahi kupendekeza tozo ya mafuta, lakini haikufika kwenye vituo. Mpaka njia hiyo ifunguke, pengine mabunge ya majimbo yangefanya vyema kuacha kuwauliza mawaziri wameleta ajira ngapi, na kuwauliza ombi la leseni linakaa mezani siku ngapi, na ni eneo gani la viwanda lililopimwa ambalo bado linangoja umeme wa manispaa.