Kihisi cha upepo wa tairi

Kihisi cha upepo wa tairi ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachofungwa ndani ya ringi ya gari, kwa kawaida kwenye mguu wa vali. Hupima shinikizo la hewa na kutuma kipimo hicho kwa mawimbi ya redio kwenye kompyuta ya gari. Mafundi wengi hukiita sensa.

Historia

Gari la kwanza la abiria kuwa na mfumo huu lilikuwa Porsche 959 mwaka 1986. Ulienea baada ya tairi za Firestone, zilizofungwa hasa kwenye Ford Explorer, kuhusishwa na vifo zaidi ya 200 nchini Marekani. Sheria ilitungwa huko mwaka 2000, na kuanzia Septemba 2007 magari mapya madogo yote yalipaswa kuwa na mfumo huo. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Japani haikuweka sharti kama hilo, ndiyo maana magari mengi ya mitumba kutoka Japani yanayoonekana Bukoba na Muleba hayana vihisi.

Kutambua hitilafu

Taa ya njano ya tairi ikiwaka mfululizo, upepo umepungua. Ikimweka kwa dakika moja hivi baada ya gari kuwashwa, kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe ndio wenye hitilafu. Hata hivyo kipimo cha mkono hutangulia, tairi zikiwa zimepoa, maana si ajabu mtu kununua kihisi kumbe tairi lina msumari. Kwa kanuni ya Marekani taa huwaka upepo ukiwa umeshuka kwa asilimia 25: tairi la psi 32 huwa limefika 24. Hapo tairi la gari lililobeba ndizi na abiria limekwisha kupata joto la hatari.

Bukoba ipo kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tairi lililojazwa psi 32 Dar es Salaam huonyesha karibu 34 likifika huko, joto likiwa lilelile, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi zaidi. Hilo si kosa la kihisi wala la kipimo.

Baadhi ya magari hayana kihisi ndani ya ringi. Kompyuta hulinganisha kasi ya magurudumu kwa kutumia vihisi vya breki za ABS. Kwa magari hayo hakuna cha kubadilisha kwenye tairi, bali mfumo huwekwa upya baada ya kujaza upepo.

Wakati wa kubadilisha

Jambo la kwanza kuangalia ni kama vali inavuja. Katika vihisi vingi vali na kihisi vimeungana, na vali za alumini huliwa na kutu mahali penye unyevu mwingi kama Bukoba, mojawapo ya miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Vali iliyopasuka haisubiri safari nyingine. Kihisi kisipopatikana karibu, kama katika vijiji vya Muleba, fundi pancha anaweza kufunga vali ya kawaida ya mpira kwenye ringi nyingi: taa itabaki inawaka, lakini tairi litashika upepo.

Kihisi kisichotuma tu, bila kuvuja, kinaweza kusubiri hadi tairi zinapobadilishwa, mradi dereva apime upepo kwa mkono mara kwa mara. Betri yake hudumu miaka 5 hadi 10 na imefunikwa ndani ya plastiki, hivyo kwa kawaida hubadilishwa kihisi kizima. Gari lililoagizwa likiwa na umri wa miaka kumi lina betri nne zilizozeeka pamoja. Moja ikifa, ni nafuu kubadilisha zote mara moja kuliko kulipia kazi ya kufungua tairi mara nne.

Masafa ya redio lazima yalingane na ya gari: megahezi 315 kwa mengi ya Marekani na Japani, 433 kwa ya Ulaya. Kihisi kipya husajiliwa kwenye kompyuta; baadhi ya magari hukitambua yakiendeshwa, mengine huhitaji mashine ya fundi. Vihisi vingi vizima huvunjwa na chuma cha kufungulia tairi, kwa hiyo fundi huambiwa mapema aanze mbali na vali. Tairi la akiba lisilo na kihisi nalo huwasha taa ya hitilafu.