Nefertiti: Sura ya miaka 3,300 iliyotiwa kufuli

Misri ilipofungua rasmi Jumba Kuu la Makumbusho jirani na piramidi za Giza, Novemba 1, 2025, dai la siku nyingi lilisikika tena: Nefertiti arudishwe. Sanamu ya kichwa cha malkia huyo ilifukuliwa Amarna Desemba 6, 1912 na kikosi cha Mjerumani Ludwig Borchardt, ikapelekwa Ujerumani mwaka uliofuata, na sasa iko Neues Museum, Berlin. Wengi wanalijua sakata hilo. Wasilolijua ni kwamba hata taswira yake ilipiganiwa kwa miaka.

Mwaka 2008 sanamu hiyo ilipigwa skani ya pande tatu, kwa ustadi wa hali ya juu. Faili likawekwa kabatini. Mgeni anayeingia chumbani kwa malkia haruhusiwi hata kumpiga picha.

Desemba 2015 wasanii wawili, Nora Al-Badri na Jan Nikolai Nelles, walitangaza kuwa wameipiga skani kwa siri, kifaa kikiwa kimefichwa chini ya skafu, wakaitoa bure mtandaoni. Dunia ikashangilia, lakini mafundi walitia shaka: kifaa cha aina ile hakiwezi kutoa nakala safi kiasi kile. Mmoja wao, Mmarekani Cosmo Wenman, aliamua kupita mlango wa mbele. Aliandika barua kwa kutumia sheria ya Ujerumani ya haki ya kupata taarifa, akaliomba lile faili la 2008 lenyewe.

Kwa maelezo ya Wenman, Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, unaosimamia makumbusho hayo, ulikataa ukidai biashara yake itaathirika. Baadaye ukamwambia akalitazame kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani, Los Angeles. Hakuridhika. Alipobana aonyeshwe hesabu, ikabainika kwamba katika miaka 10 skani za wakfu huo zilikuwa zimeingiza chini ya euro 5,000. Kwa kiasi hicho tu, uso wa malkia wa Afrika ulinyimwa walimu, wachongaji na watoto wa shule!

Baada ya miaka mitatu ya kuandikiana, alikabidhiwa faili kwenye flashi, na Novemba 2019 akalitoa kwa umma. Malkia yupo mzima humo, mikwaruzo ya masikio na jicho la kushoto lisilo na mboni. Ila chini, kwenye kitako cha sanamu, wakfu ulikuwa umechonga masharti ya leseni: marufuku kutumia kwa biashara. Mchongaji wa Amarna alikufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ni nani aliyebaki wa kudai hakimiliki?

Makumbusho mengine makubwa yalikwishaachia picha zake. Rijksmuseum ya Amsterdam ilianza 2012 kwa picha 125,000. Metropolitan ya New York ikafuata 2017 kwa picha 375,000. Smithsonian 2020 ikatoa milioni 2.8. Ukitaka kuzichapa kwenye kitabu, fulana au kanga, humwombi mtu ruhusa.

Sisi huku tusidhani ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Mradi ulioanza 2018 kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Orodha hiyo ni kazi ya kujivunia, na ilistahili kupigiwa kelele kuliko ilivyopigiwa. Tunadai vitu virudi, na ni haki yetu. Picha zake zingeweza kurudi kesho asubuhi, tena bila masharti. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iko mikononi mwa British Museum tangu 1908, imehifadhiwa ghalani. Picha ambazo makumbusho hayo huweka mtandaoni hutolewa kwa leseni ileile iliyochongwa kitakoni mwa Nefertiti, kwa hiyo Mpokomo anayetaka kuuza fulana yenye picha ya makumbusho hayo ya ngoma ya babu zake atalazimika kuomba kibali London.